Mpenda Kimya wa Maktabani

Mama Kimya alikohoa mara moja tu, na kutoka nyuma ya rafu mtu akamnyamazisha: "Sss!"

Alishtuka, kisha akakasirika. Kunyamazisha watu ilikuwa kazi yake yeye, mkutubi wa chuo, na jina la Mama Kimya wanafunzi hawakumpa kwa mapenzi. Aliwatoa waliocheka, waliosinzia, hata waliofungua pakiti ya biskuti. Alitaka kimya, akakipata: maktaba ikabaki tupu.

Nyuma ya rafu hapakuwa na mtu ila Kitinda, harufu ya udongo mbichi, na kiti kitupu kimevutwa karibu naye.

Kitinda alikuwa binti wa kaka yake, mwanafunzi pekee aliyeendelea kuja. Bwenini walibanana sita chumba kimoja, na vitabu vya udaktari hakuweza kuvinunua. Kaka alimkabidhi kwake akisema, "Dada, huyu ndiye tegemeo letu."

"Nani kakaa hapa?" shangazi alinong'ona.

"Rafiki yangu," Kitinda alijibu bila kuinua macho. "Hapendi kelele. Kama wewe."

Mama Kimya akamkataza kuja tena. Kesho yake, alipofungua mlango, binti alikuwa ameshakaa ndani.

Mganga aliyeitwa hakuvuka kizingiti. Alinusa, akarudi nyuma.

"Mama, huyu jini simwezi kwa moshi wala kwa maneno. Mahali patupu hupata mwenyewe. Umefukuza watu, yeye kaona amefagiliwa. Warudishe. Vicheko na mabishano ndivyo asivyovumilia."

"Wasipokuja?"

"Basi atabaki na huyo mmoja aliye naye."

Mama Kimya alikimbilia mkahawani. "Wanangu, njooni maktaba! Meza zipo, intaneti bure, vitabu mnavyohangaikia vyote vipo. Njooni mbishane, mcheke, hata mle!"

"Leo tumekuwa wanao?" mmoja alimkejeli. "Si ulinifukuza kwa kupiga chafya?"

Akapiga magoti, mtu mzima, akalia. Wachache wakamhurumia, wakamfuata.

Walipoingia, harufu ile iliwapiga usoni, nzito, kana kwamba sakafu ilikuwa imefukuliwa, na ingawa jua la mchana lilijaa madirishani, baridi iliwapanda miguuni, huku kurasa zikijifungua rafu baada ya rafu, taratibu, zikiwasogelea, mpaka yule mkejeli, kwa woga mtupu, akacheka kwa sauti, na wenzake wakacheka naye, na kurasa zikasita.

"Endeleeni!" Mama Kimya alisihi, moyo ukimruka kwa furaha. "Chekeni, wanangu!"

Ndipo Kitinda akainuka. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa siku za kutosema na mtu, na aliwatazama wageni kwa chuki ambayo shangazi yake aliijua vizuri, maana ilikuwa yake mwenyewe.

"Shangazi, watoe," alisema. "Sisi tunasoma."