Karatasi Zenye Jina Moja

Jumapili mchana, duka la mashine za kufulia la Mtaa wa Ishirini na Sita hujaa watu kuliko kanisa, na wengi wao wametoka huko huko kanisani, bado na viatu vyao vya heshima. Maricruz Olvera alitia nguo zake kwenye mashine ya kukaushia, akatoka kununua mkate mtamu duka la pili, akakutana na shoga yake mlangoni, na maneno yakanoga. Aliporudi, mashine yake ilikuwa ikizungusha nguo za watu wengine. Zake zilikuwa mezani, zimekunjwa.

Tena zilikunjwa na mtu mwenye subira. Fulana za binti yake Itzel zimepangwa kwa rangi, taulo zimelingana pembe kwa pembe, na juu kabisa ya rundo, mbele ya macho ya nusu ya waumini wa mtaa, imetulia chupi yake nyekundu, ile aliyoivaa usiku wa kuamkia mwaka mpya ili mwaka umletee mapenzi.

"Nani kagusa nguo zangu?"

"Mimi, jirani." Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, masharubu yamekatwa vizuri, buti zimerukiwa na rangi nyeupe ya kupakia nyumba. "Mashine ilisimama zamani, na foleni unaiona. Ningeziacha, yule bibi pale angezimwaga sakafuni."

"Na hii nayo ilikuwa lazima uikunje?"

"Niliikunja nimefumba macho."

"Aliyefumba macho hakunji hivi."

"Basi nilifumba moja." Akajikuna shingo. "Ya mwaka mpya, eti? Imeshaleta kitu, au bado?"

Maricruz aliwaka uso mpaka kwenye hereni zake kubwa za duara. Alivuta koti lake la zambarau, akaisukumia chupi chini ya taulo, na akacheka bila kupenda.

Jina lake Wenceslao Trejo, mgane, baba wa Iker wa darasa la tatu, darasa lile lile la Itzel. Wakagundua jambo jingine: wote wawili walikuwa wamejiandikisha kugombea viti vya wazazi katika baraza la shule.

"Wewe unatafuta nini huko?" Maricruz aliuliza.

"Vyoo vya wavulana havina milango. Iker anajizuia mpaka arudi nyumbani. Wewe?"

"Maktaba. Imefungwa, wamejaza madawati mabovu."

"Basi tuungane. Mtoto asome akiwa chooni."

Hivyo ndivyo yalivyoanza, katikati ya Februari ya Chicago, theluji ikiwa imepanda hadi madirishani. Wenceslao alikuwa na mkono wa herufi. Alipaka mabango ya kadibodi, OLVERA NA TREJO, kwa rangi ya chungwa na ya bluu, akayabandika kwa mwuza nyama, kwa kinyozi, na kwa mwoka mikate. Kila jioni baada ya kazi walipita nyumba kwa nyumba, yeye na buti zake, Maricruz na viatu vyake virefu vya kazini kwa daktari wa meno, na kila mlango walisema lile lile: kila mzazi ana alama tano kwenye karatasi yake, moja kwa kila mgombea amtakaye, ukimtia mmoja wetu, mtie na mwenzake.

Kufikia Machi walikuwa wanapigiana simu kila saa ya chakula cha mchana.

"Uko wapi?"

"Juu ya ngazi, napaka dari."

"Shuka kwanza, utaanguka."

"Nilishaanguka tangu Februari, jirani."

"Hivi mpaka lini utaniita jirani?"

"Mpaka unipe jina jingine la kukuita. Mke wangu, kwa mfano."

Maricruz alikata simu kwa haya, akatabasamu peke yake mpaka mgonjwa mmoja akamwuliza kama yu mzima.

Sasa, viti vya wazazi vilikuwa sita, na waliojiandikisha walikuwa saba. Yaani wote wangepita ila mmoja. Na hapo ndipo dada wa Maricruz, Chayo, alipotia mkono. Alimkuta Maricruz jikoni akimenya nyanya, akaketi bila kuvua koti.

"Saba kwa sita," Chayo alisema. "Unajua maana yake? Mtaa utapata mtu mmoja wa kumcheka."

"Hatacheka mtu."

"Walicheka Rogelio alipohamia ghorofa ya juu kwa yule mwanamke. Au umesahau?"

Hakusahau. Mumewe alipomwacha, kwa miezi watu walimtazama kwa huruma, kwenye duka la nyama, kwenye foleni ya komunyo, na huruma ile ilimuuma kuliko kuachwa kwenyewe.

"Kila alama wanayomtia huyo bwana wako inamwinua mshindani wako," Chayo aliendelea. "Waambie watu wako wakutie wewe tu. Nafasi nyingine waache wazi. Yeye ana wapaka rangi wenzake, atapita kwa miguu yake."

"Tumeahidiana, Chayo."

"Na Rogelio mliahidiana mbele ya padri."

Maricruz alimaliza nyanya zake. Kisha, na hili hakuna wa kumsingizia, alichukua simu kwa mkono wake mwenyewe. Aliwapigia kina mama wa mafundisho ya komunyo ya kwanza, mmoja baada ya mwingine. Mnitie mimi tu, aliwaambia, na yabaki baina yetu. Mama mmoja mtu mzima, Bi Eduwiges, aliyekuwa akilea wajukuu, aliuliza, "Na Wenceslao, mwanangu? Si mko pamoja?"

"Wenceslao anajua," Maricruz alijibu.

Uongo ule ulimtoka mwepesi, hata mwenyewe akashangaa.

Uchaguzi ulifanyika Aprili, siku ambayo wazazi huja kuchukua ripoti za watoto. Wagombea walisimama nje, nyuma ya utepe uliobandikwa njiani, kwa kuwa kupita utepe ule ukiomba kura ni marufuku. Wenceslao alivaa shati la rangi ya haradali lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari. Alileta chombo cha moto cha champurado, uji wa mahindi wenye chokoleti, akawagawia hata wapinzani wake.

"Kunywa, jirani. Umepauka."

"Ni baridi."

"Ni woga. Nitakushika mkono wakati wa kuhesabu."

Alipoingia kupiga kura yake, alitoka kabla Maricruz hajamaliza kikombe.

"Mbona haraka?"

"Nilikuwa na la kufanya dogo tu," alisema, na akaangalia buti zake.

Saa moja jioni milango ilifungwa, na kura zikahesabiwa ukumbini mwa michezo, hadharani, kama ilivyo desturi. Msimamizi anafungua karatasi, anasoma majina kwa sauti, mwenzake anachora ukutani. Wagombea na yeyote apendaye huketi na kusikiliza. Maricruz alikuwa amehudhuria mikutano yote na kujifunza kanuni zote, lakini hili la kusomwa kwa sauti, karatasi moja moja, hakulifikiria. Lilimjia pale alipoketi.

"Olvera, Trejo," msimamizi alisoma. Kisha, "Olvera. Nafasi nyingine wazi."

Wenceslao, mkono wake ukiwa umeshika wa Maricruz, alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye siri yake.

"Olvera peke yake," msimamizi alisoma tena. Zikapita karatasi chache. "Olvera peke yake." Kisha tena. Kisha mbili mfululizo. Watu wa viti vya nyuma wakaanza kunong'onezana. Kila karatasi yenye jina la Trejo ilikuwa na la Olvera kando yake, hata moja haikukosa. Lakini zile za jina moja ziliendelea kuja. Tabasamu la Wenceslao lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa mchana, kisha likazimika. Mkono wake aliuondoa taratibu, kama mtu anavyoweka kikombe mezani.

Maricruz alitamani sakafu ipasuke. Hakuthubutu kugeuka. Hesabu ilipokwisha alikuwa amepita, tena wa tatu kwa kura. Wenceslao akawa wa saba. Aliachwa na wa sita kwa kura moja, na huyo wa sita alikuwa baba mmoja ambaye hata kwenye mkutano wa wagombea hakutokea.

Watu walipoanza kuinuka, Bi Eduwiges alimjia Wenceslao na kumshika bega. "Pole, baba. Lakini si mlikubaliana? Mama Itzel alituambia unajua."

Hapo Maricruz aliona kwamba mwisho wake umefika. Wenceslao alimtazama, mara moja tu, kisha akamgeukia yule bibi.

"Ndiyo, bibi," alisema. "Nilijua."

Alimsitiri. Mbele ya watu wote alichukua uongo wake akaubeba, na hilo lilimchoma Maricruz kuliko kama angemtukana. Wenceslao aliinua chombo chake kitupu cha uji.

"Hongera, mheshimiwa," akasema, na akaenda zake.

Simu za Maricruz hazikupokelewa. Chayo alishangaa. "Umeshinda, unalia nini?" Ndiyo, alishinda. Alikimbia kuchekwa na mtaa, na sasa alikuwa hawezi kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Wahenga husema ameruka mkojo, kakanyaga mavi, na hakuna namna ya heshima ya kulisema. Wiki ile alirudi kwa kina mama wale, safari hii kwa miguu, mlango kwa mlango, akawaambia kwamba Wenceslao hakujua neno. Wengine walimpa kiti. Bi Eduwiges alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akafunga mlango polepole.

Jumapili alikwenda kwenye mashine bila nguo chafu yoyote. Alimkuta Wenceslao pale, fulana kuukuu, peke yake na rundo la mashuka.

"Mheshimiwa," alisema bila kuinua kichwa.

"Usiniite hivyo."

"Ndicho cheo chako."

"Nitajiuzulu. Nitawaambia baraza wakupe wewe."

"Kisha maktaba aifungue nani? Mimi vitabu sijui hata wanavipangaje." Alikung'uta foronya. "Sikukasirikia kiti, Maricruz. Kura ni kura."

"Najua. Niliogopa. Niliogopa kuchekwa, nikakuuza wewe. Kisha nikadanganya kwamba unajua. Naona aibu mpaka chakula hakipiti."

Mashine zilinguruma kila upande.

"Unajua ile karatasi ya kwanza ya jina moja iliposomwa, nilitabasamu?" Wenceslao akasema.

"Nilikuona."

"Nilidhani ni yangu."

Maricruz hakuelewa.

"Mama yangu alinilea hivyo, mtu hajisifu mwenyewe. Nilipofika pale na kalamu, mkono ulikataa kujitia alama. Nikakutia wewe, nikaacha kwingine wazi. Basi ilipokuja ya pili, nikasema labda ya kwanza haikuwa yangu, hii ndiyo yangu. Ya tatu, labda hii." Alikunja foronya ile mara mbili. "Nilizipitia zote hivyo, nikitafuta yangu. Zilikuwa zinafanana."

Kura moja. Kura moja tu ingemfikisha sawa na wa sita, na hiyo hakujitia, alimtia yeye peke yake. Maricruz aliketi kwenye benchi, akafunika uso kwa viganja, akalia pale mbele ya nusu ya waumini wa mtaa, wala hakujali nani anatazama.

Wenceslao alimwacha alie. Hakumgusa, hakumwambia nyamaza.

"Usijiuzulu," alisema mwishowe. "Hiyo aibu nenda nayo barazani. Ukae nayo pale, mpaka vile vyoo vipate milango."

"Na sisi?"

Wenceslao alitoa shuka kubwa kutoka kwenye mashine, la moto bado, akalitafuta ncha zake. Alijaribu kulikunja peke yake, likaburura sakafuni. Akajaribu tena. Kisha akasimama, akamnyooshea ncha mbili.

"Shika huko, jirani," alisema. "Hili ni la watu wawili."

Maricruz alifuta mikono kwenye koti lake, akashika.