Ujumbe Uliofutwa Kabla Sijatua

"Zima data," mke wangu aliniambia.

"Nimezima."

"Hujazima, naiona hapo juu. Mzee, kila siku wimbo huu huu?"

Tulikuwa ndani ya ndege yangu ndogo ya vifurushi, imeegeshwa mbele ya karakana, jua la asubuhi limeshaanza kuchoma viti. Yeye ndiye fundi wa redio na vifaa vya ndege pale uwanjani. Mimi ni rubani, na wapakia mizigo wamenipa jina la Kiguu na Njia. Hawakukosea.

Alikuwa amebandika kipokezi dirishani, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kinanasa ishara za ndege nyingine na kuzituma bila waya kwenye simu yangu, nami naziona kwenye ramani ya safari kama vipembetatu.

"Ingia kwenye Wi-Fi. Chagua jina la kipokezi. Sasa fungua ramani."

"Inasema hakuna intaneti."

"Ndivyo inavyotakiwa. Ukishaunganisha na kipokezi, meseji hazikupati mpaka ujitoe. Nimekuambia mara ngapi?"

Hapo nikalitoa lililonikaa kooni wiki tatu.

"Ndiyo maana unaniandikia wakati huo?"

Mkono wake ukasimama.

"Kila nikitua nakuta mstari ule ule. *Ujumbe huu umefutwa*. Juzi miwili, jana mmoja. Ulikuwa unamwandikia nani, mama, ukakosea namba?"

"Namba yako niikosee mimi, miaka ishirini na miwili?"

"Anayefuta ana cha kuficha."

"Na anayekwenda kusaini mkataba wa miaka mitatu ng'ambo bila kumuuliza mkewe, yeye ana nini?"

"Sijasaini. Bosi ananisubiri saa nane."

"Haya."

Akafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Angefoka ningejua pa kushika. Hakufoka.

"Kipokezi kimeshika. Nenda, watu wanangoja vifurushi vyao."

Nikaruka. Kule nilikoshusha mizigo simu sikuigusa, nikageuza. Njia nzima nilikuwa nambishia kichwani, na kichwani huwa nashinda mimi. Uwanja wetu ulikuwa umeshaonekana simu ilipopiga kelele:

"Ndege! Kulia, kimo sawa!"

Nilikuwa sijatazama kulia muda mrefu. Nikalaza bawa, nikashuka. Ndege nyeupe ikapita juu yangu karibu kiasi cha kuona matope kwenye magurudumu yake. Nilitua, nikazima injini, nikakaa tu.

Nilipojitoa kwenye kipokezi na kuwasha data, simu ikaanza kulia mfululizo. Nikasubiri ule mstari wa kila siku. Haukuja.

*Hakuna mwanamume. Nani anitake mimi na harufu hii ya mafuta?*

*Huwa naandika ukishaunganisha kwa sababu najua huwezi kusoma. Nikikuona kwenye skrini ya karakana unakaribia, nafuta.*

*Wiki tatu nzima nilitaka kukuambia usisaini. Nimefuta kila siku.*

*Ukisaini nitahamia kwa dada. Si hasira, baba. Nimechoka kukufungia vifaa vya kuniacha.*

Nikakumbuka zile meseji nyingine zote. Nilikuwa nimeshaipa kila moja sura ya mwanamume.

Simu ikaita. Bosi.

"Kiguu na Njia! Kalamu inakungoja."

"Mpe mwingine."

"Unaumwa?"

"Nimechoka, bosi."

"Nafasi hii hairudi, nakuambia."

"Najua."

Nikamkuta mke wangu amekaa kwenye benchi la kazi, amenipa mgongo, skrini mbele yake.

"Umesoma?"

"Nimesoma. Nimemwambia bosi ampe mwingine."

Akageuka. Macho mekundu, uso mkavu.

"Leo. Kesho utaona wingu, miguu ianze kuwasha."

"Itawasha. Nitakuambia ikianza."

"Hujawahi kuniambia."

"Na wewe hujawahi kuniuliza nikiwa chini. Unaniuliza nikiwa futi elfu nne."

"Ukiwa chini unakoroma, mume wangu. Nimuulize nani, mto?"

"Niamshe."

"Nikuamshe mimi, na hasira zako za kuamshwa?"

"Niamshe hivyo hivyo. Na samahani kwa yale ya asubuhi. Nilikukosea."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesimama siku nzima, akasogea benchini akaniachia nafasi. Nikakaa. Hatukushikana mikono wala nini. Bega tu lilifika kwenye bega.

"Ila kwa nini leo hukufuta?" nikamuuliza.

Akaangalia skrini, kisha vidole vyake.

"Kazime kile kidude, betri itaisha. Tutazungumza nyumbani."

Nikatoka kwenda kwenye ndege. Nilikuwa nimeshakibandua kipokezi dirishani, nakitafuta kitufe, simu ikalia. Yeye. Hatua ishirini kutoka nilipo, ameniandikia:

*Nilikuwa nimeshaweka kidole nifute. Halafu nikaona vipembetatu viwili, chako na kingine, vimegusana kwenye skrini.*

Nikaisoma mara mbili. Nikainua macho, naye amesimama mlangoni mwa karakana, simu mkononi, ananitazama nikisoma.

"Mimi nipo," nikamwambia kwa sauti.

Akaitia simu mfukoni.