Majibu ya Kidole Mwenyewe

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na meza kupanguswa, familia ya Kidole hukaa kuizunguka simu ya baba. Katika nyumba hiyo kila jambo hujibiwa kwa pamoja. Jirani akipiga kuwajulia hali, wote humjibu kwa mpigo mmoja, naye hubaki kusema, "Haya, haya, nimesikia." Jina la Kidole alilitoa shangazi, kwa kuwa hakuna kifaa kilichopita mbele ya msichana huyo bila kuguswa na kuchunguzwa.

Jioni hiyo Kidole alikuwa na kazi ya shule. Mwalimu mshauri alikuwa amewapa wanafunzi jaribio la mtandaoni la kuwasaidia kujua kazi zinazowafaa. Baada ya hapo wangechagua masomo ya mwaka ujao. Kidole alitamani kuwa fundi wa mitambo ya baridi, yaani majokofu na vyumba vya kuhifadhia dawa. Kama asingechagua fizikia, hamu yake ingeishia hapo.

"Haya, soma tusikie," baba alisema.

"Unapenda kufungua vifaa uone jinsi vinavyofanya kazi?"

"Bonyeza hapana!" baba aliwahi. "Redio yangu, tangu aifungue, inakohoa mpaka leo."

"Unapenda kufanya kazi kati ya watu wengi?"

"Sana!" mama alidakia. "Mwanangu hana makuu."

"Unapenda mapambo?"

"Nani hapendi?" shangazi alicheka. "Weka ndiyo. Ikiwezekana, weka mara mbili."

Kidole akabonyeza, akabonyeza. Mwishowe simu ikatoa jibu: mpambaji wa kumbi za sherehe. Shangazi akapiga makofi. Kidole alitabasamu kwa mdomo tu.

Kesho yake aliingia chumba cha kompyuta. Feni ilizunguka kivivu, na mwalimu mshauri alikuwa akifuta vioo vya kompyuta kwa kitambaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenuna? Umepata kazi ya maua na taa, wenzako wanakuonea wivu!"

"Mwalimu, aliyejibu si mimi. Ni baba, mama na shangazi."

Mwalimu alicheka mpaka akaketi. "Basi hiyo kazi wagawane wao! Kompyuta haikuoni, mwanangu. Inajua ulichoiambia tu. Kaa hapa, ujibu kama ulivyo."

Safari hii Kidole alijibu peke yake, polepole. Jibu likaja: fundi wa mitambo. Aliruka kitini. Lakini alipotafuta habari zaidi, ukurasa mmoja ulisema wasichana hawapokelewi katika kazi hiyo.

"Nani ameandika?" mwalimu aliuliza.

Kidole alitafuta juu na chini. Hapakuwa na jina wala tarehe. Mwalimu akamfungulia tovuti ya chuo cha ufundi kinachofundisha kazi hiyo. Hapo iliandikwa waziwazi: wavulana na wasichana wanapokelewa, mradi wawe wamefaulu hisabati na fizikia. Mwalimu pia aliahidi kumwomba fundi mmoja wa majokofu ya hospitali, mwanamke, azungumze na familia hiyo kwa simu ya video.

Jioni, uso wa fundi ulipotokea kwenye simu, baba alianza mara moja. "Dada fundi, huyu wangu hodari wa kufungua. Kufunga ndiyo kazi!"

"Ndiyo maana ufundi husomewa, kaka," fundi alijibu. "Kidole, jokofu lenu lina shida gani?"

Wazazi na shangazi, wote watatu, walifungua midomo. Kidole akainua mkono, nao wakanyamaza.

"Halipoi vizuri, na barafu inajaa upesi. Nadhani mlango unavujisha baridi."

"Utajuaje?"

Kidole alibana kipande cha karatasi mlangoni, akakivuta. Kikatoka bila kizuizi. Fundi akamwambia achomoe waya wa umeme kwanza, kisha asafishe mpira wa mlango kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Kidole alisugua kila mkunjo, akatoa uchafu uliogandamana, akaukausha mpira na kuunyoosha kwa vidole. Akabana karatasi tena.

"Baba, vuta."

Baba alivuta. Karatasi ikakataa. Akavuta kwa nguvu, ikachanika, nusu ikabaki mlangoni.

"Loo!" mama alipaza sauti. Shangazi akamkumbatia Kidole kwa nguvu, na baba akatazama kile kipande mkononi, kisha binti yake. "Chagua fizikia, mama. Chagua na hisabati yake!"

Siku ya kuchagua masomo, Kidole aliandika chaguo lake, wenzake wakimshangilia. Mwalimu mshauri akasimama mbele ya darasa.

"Mtandao ni msaidizi mzuri," alisema, "lakini ukiupa majibu ya mtu mwingine, utakuonyesha njia ya mtu mwingine. Jibuni kwa ukweli. Mkisoma jambo, ulizeni nani ameandika na lini. Kisha mtafuteni anayeifanya kazi mnayoitaka, mzungumze naye. Kidole amefanya yote hayo, na leo anakwenda anakotaka mwenyewe."