Macho Mekundu ya Shangazi Mageni

Wakati wa kuhamia vijijini, nyumba zilipangwa kwa mistari. Kila mtu akapata jirani ambaye hakumchagua. Bujiku alijiona mwenye bahati. Upande wake wa mashariki alipangiwa dada yake mkubwa, Mageni, mjane asiye na mtoto. Mama yao alipokufa, Mageni ndiye aliyemlea Bujiku. Alimbeba mgongoni huku naye bado ni msichana mdogo.

Kila asubuhi Mageni alikuwa wa kwanza kuwasha moto. Sehemu hizo za Kishapu kuni zilikwisha zamani, kwa sababu miti ilikatwa watu wapate mashamba ya pamba. Wanawake hupikia mavi makavu ya ng'ombe na mashina ya pamba. Moshi wake ni mzito, na jiko liko ndani ya nyumba yenye mlango mmoja tu.

Mwezi wa Desemba, mwaka 1977, Scolastika alirudi nyumbani kwa likizo. Yeye ni binti wa Bujiku. Alikuwa amemaliza kidato cha tatu huko Shinyanga mjini. Kila likizo shangazi yake Mageni alimsubiri barabarani na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Safari hii hapakuwa na mtu barabarani.

Alimkuta mama yake uani, amenyoa nywele zote. Makoye, mdogo wake wa mwisho, alikuwa amekufa kwa surua. Hakuna aliyempelekea habari. Scolastika alilia mpaka sauti ikakauka. Alipoinuka aende kwa shangazi yake kulia naye, mama yake alimshika mkono na kumrudisha.

Walipokwenda kisimani ndipo mama alipomweleza. Baba yake alikwenda kwa mfumu, mganga anayepiga ramli kwa kuku. Mfumu alimpasua kuku, akatazama mbawa na mifupa. Akasema aliyemla mtoto ni mwanamke mzee, jirani wa upande wa mashariki, mwenye macho mekundu. Bujiku alirudi nyumbani akamweleza mkewe peke yake. Baada ya siku chache aliwaahidi wanaume wawili wa ng'ambo ya mto ndama mtamba. Wangekuja Alhamisi, siku ya mnada, wakati watu wengi hawapo. Mama hakusema wangekuja kufanya nini. Huku kwetu kila mtu anajua kazi ya wanaume wa namna hiyo, na anajua wanakuja na mapanga.

Msomaji, usidhani Bujiku alikuwa mnyama. Alikuwa baba aliyefiwa, na mfiwa hutafuta wa kumlaumu. Lakini tusidanganyane pia. Huzuni haimpi mtu ruhusa ya kuua.

Jumatano asubuhi Scolastika alimwamkia baba yake, akaketi karibu naye. Bujiku hakutaka kuzungumza habari za msiba. Akamuuliza mwaka huu wamesoma nini. Scolastika akasema wamesoma historia ya dunia. Akamsimulia habari za wafalme na vita, na za meli zilizobeba watumwa. Kisha akamsimulia habari za Ulaya ya zamani.

Kulikuwa na miaka ya baridi kali, alisema. Mazao yaliharibika, watoto wakafa, na watu wakatafuta wa kubeba lawama. Maelfu na maelfu ya watu waliuawa kwa kuitwa wachawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi walikuwa maskini, wazee, wajane. Mahali pengine walifungwa kamba wakatupwa majini. Aliyeelea aliitwa mchawi. Aliyezama aliitwa mwema, ila pengine alikuwa ameshakufa maji.

Bujiku alisikiliza kwa makini sana. Akatikisa kichwa polepole.

"Kumbe hata Wazungu walikuwa nao," alisema. "Na wenyewe waliwaua. Wahenga hawakukosea, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Habari aliyoileta Scolastika iwe dawa ilikuwa imegeuka sumu mikononi mwa baba yake.

Hapo akamkumbuka Mwalimu Donatus, mwalimu wao wa historia. Mwalimu huyo hakupenda wanafunzi wakariri tu. Kila walipomaliza habari moja aliwauliza, nani alisema hivyo? Naye alijuaje? Mwanzoni walimcheka na kumpachika jina la Polisi. Mwaka ulipokwisha, Scolastika alikuwa amesahau majina ya wafalme karibu wote. Lakini maswali yale yalikuwa yamemkaa kichwani.

"Baba," alisema, "nani alimwona shangazi akimdhuru Makoye?"

Bujiku alishtuka. Hakujua kwamba binti yake anajua. "Kuku alionyesha," akajibu.

"Kuku alitaja jina lake?"

"Hakutaja. Alionyesha mwanamke mzee, jirani wa mashariki, macho mekundu."

"Katika mistari hii, nani hana jirani upande wa mashariki?"

Scolastika akamwita mama yake. Mama alitoka jikoni, moshi ukimfuata, anajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Baba, mtazame macho."

Bujiku alimtazama mkewe. Alikuwa amekaa naye miaka mingi, lakini hakuwahi kuyatazama macho yake vile, kwenye jua, kwa kituo. Yalikuwa mekundu kama ya Mageni.

"Upande wetu wa magharibi wanakaa akina Mabula," alisema Scolastika. "Kwao wao, jirani wa mashariki ni mama. Naye mama atazeeka. Siku Mabula akifiwa na mtoto, hao wanaume wataletwa kwa nani?"

Mama alielewa, akakaa chini palepale. Bujiku aliinama. Alipoinua uso, aliuliza swali ambalo angepaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Basi nini kilimuua mwanangu?"

Scolastika hakutaka kubahatisha. Alimwomba baba yake waende zahanati.

Pantaleo, mganga wa zahanati, aliwapa benchi wakae. Alisema surua huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, wenzake wanaipata. Mwaka ule watoto walikuwa wamekufa mpaka Mhunze, ambako Mageni hajawahi kukanyaga. Akauliza walimtunzaje mtoto. Bujiku akasema walimfungia ndani karibu na moto, wakamnyima maji ili vipele vitoke vyote. Pantaleo akasema hapo walikosea. Mtoto mwenye surua anahitaji maji mengi, chakula na hewa safi, na aletwe zahanati mapema. Kuhusu macho ya wanawake, akasema ni moshi tu. Hata yeye akipikia mavi ya ng'ombe miaka thelathini, macho yake yatakuwa mekundu vilevile.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Na chanjo ipo, Baba Scolastika. Gari lilikuja mwezi wa saba. Hamkumleta."

Bujiku alikumbuka siku ile. "Tulikuwa tunapeleka pamba," alisema. "Nilisema nitampeleka safari nyingine."

Akajifunika uso kwa mikono, akalia mbele ya watu, mtu mzima yule. Mimi naona ndiyo maana uchawi una wateja wengi. Mtu analitua kosa lake na kumtwisha mwenzake.

Siku hiyohiyo alipanda baiskeli akavuka mto. Aliwaambia wale wanaume wawili wasije. Wakasema makubaliano ni makubaliano. Akawaambia wamchukue mtamba, dada yake wamwache. Wakamchukua. Alhamisi Bujiku hakwenda mnadani. Alikaa mlangoni kwa Mageni kutwa nzima, fimbo mkononi, kwa sababu hakuwaamini. Hawakuja.

Baadaye mambo yalibadilika katika mstari ule. Bujiku alitoboa dirisha katika jiko lake na la dada yake. Akajenga kibanda uani, ili wakati wa kiangazi wapikie nje. Akina Mabula wakaiga. Gari la chanjo liliporudi, watoto wote wa mstari walipelekwa, na aliyewasukuma wazazi wengine ni Bujiku. Mwaka uliofuata surua ilikuja tena, lakini haikumchukua mtoto yeyote wa mstari ule.

Ningependa kuishia hapo, lakini nisingekuwa mkweli. Mistari mitatu kutoka kwao aliishi bibi kizee aitwaye Tabu. Alikatwa mapanga mwaka huohuo, mchana, anapalilia choroko. Kule hapakuwa na mtu wa kuuliza nani alisema na alijuaje.

Likizo ile ya Desemba, kabla Scolastika hajarudi shuleni, baba yake alimwomba wafuatane kwa shangazi. Mageni alikuwa uani anapepeta mtama. Bujiku alipiga magoti mavumbini, akasema yote. Akamtaja kuku, wale wanaume, siku waliyoiweka. Hakuficha kitu. Mageni aliendelea kupepeta mpaka mdogo wake alipomaliza kusema.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu ulipoacha kunisalimia."

Scolastika alianza kulia. "Sasa kwa nini hukukimbia, shangazi?"

Mageni aliweka ungo chini. Alimtazama Bujiku, aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Nikimbilie kwa nani?" alisema. "Ndugu niliyebaki naye ni huyu."