Nilimwamini Aliyenisomea Gazeti

Umri wangu ni miaka thelathini na minne, nakaa Kinondoni katika nyumba ya makuti niliyoachiwa na mama. Mume sina. Yupo hai, tena mzima wa afya, ila si wangu tena. Msianze kunionea huruma, wasomaji wenzangu... nisikilizeni kwanza.

Mie ni mtunzi na mwimbishaji wa lelemama, ngoma yetu ya wanawake. Harusi ya Magomeni, mimi. Harusi ya Temeke, mimi! Mume wangu Rajabu alikuwa karani wa ofisi ya serikali, na siku ya posa aliahidi mbele ya wajomba zangu kwamba hatanizuia kuimba. Kweli hakunizuia. Alininunulia hata kanga za kuchezea.

Kusoma sikujua, isipokuwa herufi za chuo cha Kurani. Gazeti alinisomea Rajabu, kila akirudi kazini, mie nikimpigia pasi kaptura zake nyeupe.

Alasiri moja akasita katikati ya kusoma. Nikamuuliza kuna nini. Akasema afadhali nisisikie... Nikang'ang'ania, akasoma. Mtu aliyejiita Mpenda Adabu alikuwa ameandika juu ya nyimbo zangu! Eti maneno yangu hayana mizani wala haya, eti natunga kama mlevi anayetafuta mlango, na mume wangu anastahili pole. Loo! Pasi niliisahau, kaptura ikaungua.

Nani huyu? Nani ananichukia hivi? Rajabu akanifuta machozi, akasema polepole kwamba katika chama chetu cha lelemama mwanamke ajuaye kuandika ni mmoja tu.

Alikuwa shoga yangu Mwajuma, ambaye baba yake alimtia shule. Tumekua pamoja, tumechezwa ngoma pamoja, kanga zetu sare. Sikutaka kuamini. Lakini kesho yake Mwajuma, aliyekwisha sikia habari, akaja mbio, akasema nimpe hilo gazeti alisome mwenyewe. Mie nikamtazama... Ana haraka gani? Anataka kuona kama wamechapa vizuri? Nikamwambia gazeti limefungiwa samaki.

Tangu siku hiyo kila alichofanya nilikitilia shaka. Akicheka, ananicheka. Akinyamaza, anatunga barua nyingine. Mwishowe nikajibu kwa kazi ninayoijua. Kwenye harusi ya Temeke niliimba juu ya mwanamke mwenye kalamu, ambaye mumewe hajui anawaandikia akina nani. Jina sikulitaja, lakini wanawake wote waligeuka kumtazama Mwajuma. Alitoka uwanjani bila kuaga.

Mumewe alikuwa kuli wa bandarini, mtu wa wivu. Maneno yalimfikia, na wiki haikwisha akampa talaka. Mwajuma akafunga mzigo, akarudi kwao Rufiji. Kabla ya kuondoka alipita mlangoni kwangu. Aliniambia, "Ungeniuliza tu, shoga." Mie nikafunga mlango.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe! Gazeti likaja tena na Mpenda Adabu yule yule, safari hii akiusema wimbo wangu wa Temeke. Rajabu akasema Mwajuma anaandika kutoka huko huko Rufiji. Moyo wangu ukakataa. Wimbo ule waliusikia watu wengi, huenda nyoka wangu si Mwajuma, yuko karibu zaidi.

Nikatega mtego. Wifi yangu Zena, tuliyekaa naye nyumba moja, nikamwimbia ubeti wa uongo, nikamwambia huo ndio nitakaoimba siku nyingine. Bi Hadija, mkubwa wa chama chetu, nikamwimbia mwingine kabisa. Nikasema, utakaotokea gazetini ndio utakaonionyesha mtu wangu.

Ubeti wa kweli sikumpa yeyote... ila siku moja ulinitoka wakati napiga pasi, na Rajabu amekaa pembeni. Akanisifu sana. Ningemshuku vipi mtu aliyekuwa akinifuta machozi?

*Niliipanda mwenyewe, asumini ya uani,*
*Leo imeota miba, yanichoma mkononi.*

Kabla sijauimba popote, Rajabu akarudi na gazeti. Uso wa huzuni, sauti ya huzuni. "Pole mke wangu, kaandika tena." Akasoma: huyu mama sasa anatuletea asumini yenye miba, nani amewahi kuona kitu hicho? Kisha akausoma ubeti wangu wote, neno kwa neno, kwa kinywa chake!

Jamani! Nikamwambia, "Bwana, ubeti huo umeusikia wewe peke yako."

Alilikunja gazeti. Akalikunjua. Hakukana; alidhani ubeti huo chama kizima kimeshausikia. Alisema alichoka kuchekwa ofisini kwamba mkewe ni wa ngoma za mitaani. Kunikataza hakuweza kwa sababu ya ile ahadi, kwa hiyo alitaka aibu inirudishe ndani. "Na Mwajuma?" nikauliza. Akasema Mwajuma nilimwimba mwenyewe. Hilo ndilo lililoniua, maana lilikuwa kweli.

Talaka niliidai mimi. Nikaenda Rufiji kumtafuta shoga yangu, kaka yake akanipokea kwa adabu zote, akanipa maji ya kunywa, akaniambia dada yake hataki kuniona. Nilirudi nikilia njia nzima.

Sasa naenda darasa la watu wazima, nakaa na wazee wenye miwani tunasoma a, e, i. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, na mhariri anisamehe kwa mwandiko. Wanawake wenzangu, jifunzeni kusoma, msisomewe! Na ukimshuku rafiki yako, nenda kamuulize kabla hujamwimba mbele za watu, kwani wimbo ukishatoka haurudi.

Nawe Mwajuma, najua gazeti hili linafika huko. Nitukane, shoga, niandikie matusi yote uliyonayo moyoni... Nitayasoma mwenyewe.