Ncha ya Mtulinga

Wauzaji wa soko kuu la Bunia bado wanakumbuka asubuhi ile Félicité alipomkazia macho Osée, muuza jibini wa Marabo, hadi wateja wakaanza kukohoa. Alivaa kitenge cha manjano, daftari kwapani. Alikuwa akijifunza kutambua mifupa ya watu waliouawa vitani, ili irudishwe kwao.

"Dada, unaniangalia hivyo juu ya nini?" Osée akauliza.

"Ninasoma taya yako. Iko ya mwanaume kabisa."

"Ah! Ulikuwa na mashaka?"

Jibini ikawa kisingizio, kisha zikaja simu za kila jioni: "Cheri, umekula?" Ee, mapenzi ya siku zile yalikuwa matamu!

Kizuizi kilikuwa kimoja. Kwa akina Osée mdogo hamtangulii mkubwa kuoa, na kaka yake Baudouin alitoweka vitani akiwa na miaka kumi na tisa. Mama yao hakukubali kumwita marehemu. Kila Noeli alimwekea sahani.

Mwaka uliofuata wachunguzi walifukua karibu na Marabo mifupa ya mtu aliyeuawa siku zile Baudouin alipotoweka. Mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika ukaunga, kama wa Baudouin aliyeangushwa na ng'ombe utotoni. Osée akapiga simu huku analia na kucheka.

"Cheri, ni yeye! Tutamuzika, halafu tutaoana."

Félicité alikuwa ameshika mtulinga, ule mfupa unaotoka begani hadi kifuani. Ncha yake ya kifuani, ambayo kwa kijana bado haijaungana na mfupa, hufunga kabisa mtu akikaribia miaka thelathini, na hii ilikuwa imefunga. Alitamani sana kunyamaza.

"Haiko yeye, Osée. Huyu alikuwa mutu muzima."

"Sema tu hautaki ndoa!" Akakata simu.

Miezi mitatu Félicité alizungukia upande wa maharage sokoni ili asimwone, na roho ilimuuma.

Siku moja mama yake Osée akasimama mlangoni pa darasa la Félicité, Osée nyuma yake ameinamisha kichwa.

"Ungesema ni mutoto wangu, ningeamini, na weye ungeolewa," mama akasema. "Ningelia kwa kaburi ya mutoto ya mwenzangu. Sasa muoane. Baudouin akirudi akasirike, tutamupatia mbuzi ya kumuomba pole."

"Unisamehe, Félicité," Osée akasema. "Utanikubali?"

"Inua kichwa kwanza, nione hiyo taya."

Walioana Agosti. Mbuzi wa Baudouin yuko Marabo mpaka leo, amezeeka, na kila Noeli mama humbadilishia kamba.