Bonde Chini ya Ubao

Likizo ile, kila asubuhi Chiriku alikunywa chai chapuchapu, kisha akamfuata babu yake chumbani kwa bibi. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi alikuwa kwa shangazi akiuguza mguu uliovunjika. Saruji ya chumba chake ilikuwa baridi mno kwa mgonjwa, kwa hiyo babu, seremala wa miaka mingi, alimwahidi sakafu ya mbao.

Loo, sakafu ile! Vilima na mabonde. Mlangoni ilikuwa imelika kwa nyayo za watoto saba waliokulia humo. Dirishani, miguu ya cherehani ilikuwa imechimba bonde kwa miaka thelathini. Babu alilipapasa bonde hilo.

"Hapa ndipo bibi yako alipotushonea nguo sote," alisema. "Na mama yako alijifunza kutambaa papa hapa."

"Sasa mbona hatulazi mbao tu, babu?"

"Ubao ukilala juu ya bonde utabonyea, halafu utalia kila ukikanyagwa. Haraka haraka haina baraka."

Babu alilaza chini rula yake ndefu ya mbao. Mwanga ulipopenya chini yake, Chiriku alichora duara kwa chaki: hapo pana bonde. Penye kilima alichora msalaba. Vilima wangevisugua kwa jiwe, na mabonde wangeyaziba kwa saruji na kuiacha ikauke.

Ilibaki sehemu moja tu, karibu na kitanda, wenzake walipomwita nje wakaruke kamba.

"Pima na pale, kisha nenda," babu alimwambia.

Chiriku alipatupia jicho. "Pako sawa, babu!" Akatoka mbio.

Babu alimwamini. Siku ya bibi kurudi, mbao zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, zinang'aa. Chiriku akapita karibu na kitanda. Kwii! Ubao ulibonyea. Babu hakusikia, maana masikio yake yalikuwa mazito. Moyo ukampasuka Chiriku. Akavuta zulia dogo, akapafunika.

Gari likasimama. Bibi alishuka polepole, fimbo mkononi, mguu ukimtetemeka.

"Haya, mke mwenzangu, nionyeshe hicho chumba!" alimtania Chiriku.

Chiriku aliitazama ile fimbo ikitafuta pa kukanyaga. Je, bibi akiyumba pale kitandani na kuvunjika tena?

"Bibi, usiingie!" alilia. "Sikupima pale kitandani. Nilimdanganya babu."

Babu aliondoa zulia, akakanyaga kwa mguu mtupu. "Ala!" Hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Chiriku zaidi. Alibandua mbao nne. Chini yake palikuwa na bonde la kina cha kidole.

"Lete mwiko wa saruji," alisema.

Saruji ilitaka siku tatu kukauka.

"Na mimi nitalala wapi?" bibi aliuliza.

"Kwangu, bibi."

"Hukoromi?"

"Anayekoroma ni babu!"

Wote waliangua kicheko, hata mkoromaji mwenyewe. Leo Chiriku ni mama wa watoto, na bado anazitamani siku zile tatu: bibi ubavuni pake akimsimulia vituko vya utoto wa mama yake, kimoja baada ya kingine. Ah, siku zile!

Siku ya nne Chiriku alipima mwenyewe, mara mbili. Mwanga haukupenya. Mbao zikarudishwa, na gundi iliposhika bibi akavuka chumba chote hadi kitandani. Hapo alisimama, akaupiga ubao kwa kisigino. Kimya.

"Sasa nitalala kwa amani," alisema.

Babu alimshika Chiriku bega. "Kazi iliyo chini ya ubao hakuna anayeiona, mjukuu wangu. Ndiyo maana inataka mtu mkweli."